Kusikiliza Chuma

Kila mwaka, kidato cha tano wanapofika kwenye mada ya sumaku, nachora ubaoni umbo lile lile: nene katikati, limechongoka ncha mbili, kama jani la mpera lililopindwa kidogo. Nawaeleza kwamba chuma ukikisogezea sumaku nacho hugeuka sumaku, na ukiiondoa hakirudi kilipokuwa. Kinabaki na kitu. Ukitaka kukirudisha sifuri itabidi ukisukume upande wa pili, na hata hapo hakipiti njia kiliyojia. Neno lenyewe, histeresisi, wanalikosea herufi, wananakili jani, wanafaulu mtihani na kusahau. Mimi sisahau, na wala si kwa sababu ya usomi.

Baba yangu alikuwa fundi wa kusuka mota na transfoma kwenye jineri ya Bunda, pale pamba ilipokuwa inachambuliwa. Ufundi aliuokota kwenye mgodi wa Kiabakari akiwa kijana, akibeba vifaa vya mafundi wengine mpaka akawa anawashinda. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili kwenye kota za jineri, na mama na sisi watoto tulikaa kijijini kwetu, kwenye rasi, tukilima mihogo na kula dagaa. Mimi nilikuwa nimebeba jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita jina wala hakuniita binti. Aliniita Mama. Hata aliponichapa alikuwa anamchapa Mama, na baada ya hapo alikaa amenuna siku nzima kama yeye ndiye aliyechapwa.

Nilikua katika miaka ya shida. Wenzetu wa mjini hupenda kusimulia shida ya sukari na sabuni, na kweli tulifua kwa majani ya mpapai mpaka nguo zote zikawa na rangi moja. Lakini kitu nilichokijua mimi ni misumari. Misumari haikuwapo. Mtu akibomoa banda, akivunja sanduku, mlango ukioza, misumari iling'olewa mmoja mmoja ikiwa imepinda, na sisi watoto tulikaa na jiwe na nyundo tukiinyoosha. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wanavyosema wazee, na sisi tulikunjwa tukiwa wabichi kweli. Nilikuwa hodari kuliko kaka zangu wote. Seremala wa kijiji alikuwa akituma mtu kabisa, niitwe mimi, kwa sababu msumari wangu haukupinda tena ukipigwa. Sifa hiyo ilinilewesha. Mpaka leo nikiona msumari uliopinda barabarani nainama kuuokota, mwanamke mzima mwenye mkoba wa mitihani, na watu wa mtaani kwangu, Nyakato, wananitazama.

Nilipofika kidato cha tano mwalimu wetu wa fizikia alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mtihani, ndiyo maana nililikumbuka. Alisuka koili ya waya mwembamba wa shaba, akaiunga kwenye redio ya shule, akapitisha kipande cha chuma katikati ya koili, kisha akakisogezea sumaku taratibu sana. Redio ikaanza kutoa sauti kama mahindi ya bisi yanapoanza kupasuka kwenye sufuria. Sumaku ilikwenda polepole bila kushtuka, lakini chuma kilikuwa kinageuka kwa mirukoruko. Alitueleza kwamba ndani ya chuma mna vijieneo vingi vidogo, kila kimoja kimeelekea kwake, na vikivutwa havigeuki kwa pamoja. Kila kimoja kinakwama mahali penye dosari, kinang'ang'ania, kisha kinaachia ghafla. Kile tulichokisikia ni kuachia kwake.

Likizo nilimpelekea baba habari hiyo Bunda, kwa majivuno ya msichana aliyejua kitu ambacho baba yake hajui. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya debe. Nilipokwenda likizo iliyofuata nilikuta ameshatengeneza chombo chake: redio ya zamani isiyoshika stesheni yoyote, koili aliyoisuka kwa mkono na kuipaka vanishi, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Alikuwa ameigeuza kazi.

Maana shida yake ilikuwa hii. Moyo wa transfoma ni rundo la mabamba membamba ya chuma, mamia, yamepangwa kama karatasi za daftari. Mapya hayakuwa yakija. Baba aliokota mabamba kwenye transfoma zilizokufa, mengine kutoka mabaki ya mgodi Kiabakari, mengine watu walikuwa wameyafanya vizuizi vya upepo jikoni. Kwa macho yote ni chuma. Akifunga mabaya pamoja na mazuri, transfoma inachemka na kuungua. Basi akaanza kuyasikiliza, moja moja. Bamba lililotulia lilianza kunong'ona sumaku ikiwa bado mbali, sauti nyepesi kama mchanga unaomiminwa. Bamba lililogongwa au kukunjwa lilinyamaza. Sumaku inakuja, limenyamaza. Sumaku imekaribia kuligusa, ndipo linapasuka kwa kishindo.

Vijieneo hakuvitaja. Alinieleza kwa namna yake.

"Hii chuma ina watu ndani, Mama. Ikiwa imetulia, ukiwaita wanaitika mapema. Ikigongwa wanakuwaga na kinyongo. Unawaita, wamenyamaza tu. Siku wakigeuka, wanageuka kwa kelele, na kila wakigeuka wanachoma."

Mabamba yenye kinyongo hakuyatupa. Aliyafukia ndani ya moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na makapi ya mbegu za pamba, mpaka yakawa mekundu, kisha akayaacha yapoe ndani ya majivu siku tatu, na mawe bapa juu yake ili yasijikunje. Hayakuguswa. Akiyatoa, yananong'ona. Wataalamu waliosoma walimcheka, halafu msimu wa pamba ukianza na mashine zimelala walimtafuta hadi kanisani. Miaka yote ile mibaya jineri ilikwenda kwa mikono ya watu kama yeye, na hakuna aliyewaandikia barua ya asante. Siwalaumu. Karatasi nazo zilikuwa adimu.

Kisha tukaambiwa mambo yamefunguliwa. Maduka ya Musoma yakajaa. Misumari ikarudi, myeupe, ya kung'aa, ikipimwa kwa kilo, na hakuna mtoto aliyenyoosha tena msumari. Nilikuwa nimeshamaliza chuo na kuanza kufundisha Musoma, nimepanga Nyakato, na nilifurahi kama mjinga mwingine yeyote kwa sababu nilinunua sabuni ya kuogea bila kupanga foleni. Sikujua kwamba vitu vikirudi dukani watu nao wanaweza kutolewa. Jineri ilipata mwenyewe mpya. Mwenyewe huyo alileta injinia kijana, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, akatangaza kwamba kila fundi aonyeshe cheti, na asiye na cheti afungashe.

Baba alikuwa na nywele za mvi na makovu ya vanishi kwenye vidole. Cheti hakuwa nacho.

Nilikwenda kumwona injinia yule. Nilivaa viatu vyangu vya harusi za watu. Tulizungumza Kiingereza, mimi na yeye, huku baba amesimama pembeni akitazama kofia yake, na hilo pekee lilitosha kunitia aibu kama ningekuwa na akili. Injinia alikubali kumpa nafasi moja. Kulikuwa na transfoma ya karakana iliyoungua, ukubwa wa sanduku la shule. Baba aijenge upya ndani ya wiki mbili. Itawashwa asubuhi king'ora cha kuingia kazini kikilia, izimwe jioni cha kutoka kikilia. Jioni mkono ukiweza kukaa juu ya chuma chake bila kuruka, mzee abaki na kazi yake na nyumba yake. Mkono ukiruka, arudi kwao. Na kwa kuwa mzee hakuwa na cheti, mimi mhitimu wa fizikia niandike barua kwamba nimeichunguza njia yake na nitaisimamia kila hatua.

Niliiandika hapo hapo mezani kwake, na sahihi yangu niliivuta mkia mrefu.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, nikahamia kota kwa baba. Tulifanya kazi vizuri wiki nzima. Mimi nilifungua rundo na kusafisha mabamba, yeye akasikiliza. Karibu yote yalikuwa na kinyongo, kwa sababu transfoma ilipoungua mtu aliifungua kwa mtaimbo. Baba akayachoma, akayafukia, akapanga mawe. Siku hiyo hiyo jioni akaja mtu na baiskeli: baba yake mdogo amefariki kijiji cha Buswahili. Kwetu huwezi kumkosa baba yako mdogo kwenye mazishi kwa sababu ya chuma. Asiyezika hazikwi. Ilibidi aende, azike, akae na wafiwa, anyolewe, ndipo arudi. Alinipeleka kwenye lile rundo la majivu akanionyesha kwa kidole.

"Usiyaguse mpaka nirudi. Hata yakiwa baridi. Yaache na mawe yake."

Nikamwambia sawa, Baba.

Siku ya tatu nikaona majivu yamepoa. Nikawaza kwamba akirudi amechoka na kilio, siku zimebaki chache, heri akute nimemtangulia. Hayo ndiyo niliyojiambia. Niliondoa mawe, nikayatoa mabamba, nikayapanga. Hayakulala. Mengi yalikuwa yameinuka ncha, mengine yamejipinda tumbo kidogo, rundo lote lilikuwa limetuna kama kitabu kilichonyeshewa. Baba alikuwa na dawa ya hilo, nilikuja kuijua baadaye: angeyapasha moto kidogo mara ya pili yakiwa yamebanwa kati ya vyuma viwili vizito, na kuyaacha yapoe tena. Mimi niliona vitu vilivyopinda. Nyundo ilikuwa mlangoni, na jiwe la kuanikia viatu lilikuwa bapa na laini.

Ningependa kusema kwamba nilisita. Sikusita hata kidogo. Nilikaa chini, nikafunga kanga kiunoni, mkono ukaanza wenyewe. Gonga, geuza, gonga. Nilipiga kwa ustadi, nyundo ndogo ndogo, bila kuacha alama, kama nilivyomfanyia seremala. Mimi niliyechora lile jani ubaoni muhula uliopita, niliyesema mbele ya watoto arobaini kwamba chuma kilichogongwa hupata dosari ndani na jani lake hunenepa, nilikaa kwenye kizingiti cha baba yangu nikaligonga bamba moja baada ya jingine mchana kutwa, na niliimba. Mambo niliyoyasoma yalikuwa kichwani, kwa Kiingereza, yamekaa mahali pake. Mkono ulikuwa bado uko kwenye miaka ya misumari. Shida ilikuwa imeondoka, mkono haukuwa umerudi.

Alikuja keshoye alasiri, amenyolewa, kichwa kinang'aa, vumbi la Buswahili mpaka magotini. Nilisimama mlangoni nikiwa na nyundo bado, na nyuma yangu rundo la mabamba lilikuwa limelala sawasawa kama noti mpya za benki. Nikamwonyesha. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Aliweka kifurushi chake chini. Alichukua bamba moja la juu, akaingia nalo chumbani. Nilisikia akiwasha redio yake, kimya kirefu, halafu mpasuko, halafu akaizima. Nilikuwa jikoni namwekea maji ya kuoga na sikutilia maanani. Alipotoka aliuliza nimeyanyoosha mangapi. Nikasema yote, Baba. Akautazama mkono wangu.

"Mkono wako haujasahau, Mama," alisema.

Nililichukua hilo kama sifa, nikalala usingizi mzuri.

Zilibaki siku mbili. Kuyachoma upya na kuyapoza kulihitaji siku tatu, na injinia alishasema hataongeza hata saa. Baba hakuniambia hayo. Alianza kusuka waya, akapanga mabamba, akafunga, akapaka vanishi, kimya, kama mtu anayechimba kaburi la jirani.

Siku ya majaribio watu wa karakana walikusanyika, nusu wakiombea, nusu wakitamani nafasi yake. King'ora kililia, injinia akawasha. Transfoma nzuri unapaswa kuinamia ndipo uisikie. Ile yetu ilinguruma tangu dakika ya kwanza. Nilimwona baba akikitazama kidole gumba cha mguu wake. Saa nne chuma kilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa. Saa sita harufu ya vanishi inayoungua ikaanza, na hapo ndipo nilipojua. Nilijua kabla ya injinia. Muhula uliopita tu nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu kwamba eneo lililo ndani ya jani lile ndilo joto linalopotea kila chuma kinapogeuzwa kwenda na kurudi, na umeme unakigeuza mara hamsini kwa sekunde. Nililiona jani langu limenenepa, limekaa pale mezani linatoa moshi, na niliiona nyundo.

Injinia aliweka kiganja juu ya chuma akakiondoa upesi. Hakusubiri king'ora cha jioni. Akazima. Alitoa bisibisi, akalegeza kona, akachomoa bamba moja la ukingoni, akaligeuza kwenye mwanga. Hakuwa mjinga yule kijana. Aliona vijibonye ambavyo mimi nilidhani havionekani.

"Hii chuma imegongwa nyundo," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nani aliyaandaa haya mabamba?"

Baba alinyamaza. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono nyuma. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani hajasikia swali, maana mota za miaka mingi zilikuwa zimempunguza masikio. Watu wakamtazama. Mimi nilitazama barua yangu, ambayo injinia alikuwa ameibandika kwenye ubao wake wa mkononi, na mkia ule mrefu wa sahihi.

"Ni mimi," baba akasema.

Injinia alinigeukia. Alikuwa na adabu. Aliniambia nisijisikie vibaya, kwamba wazee hawa wana mazoea yao, ukiwapa maelekezo wanafanya wanavyojua, bila shaka mzee hakufuata nilichomwelekeza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenikaba koo. Kazi yangu ilikuwa Musoma, haikuwa pale, jineri ile isingenifanya lolote. Ningepoteza nini? Kuonekana mwalimu asiyejua somo lake, mbele ya mafundi kumi na kijana mmoja mwenye shati safi. Ni hicho tu.

"Inawezekana," nilisema.

Nimesema maneno mengi maishani, mengine machafu. Lile moja ndilo ninaloliona usoni pangu nikijitazama kwenye kioo.

Alifungasha wiki ile ile. Redio yake aliiacha kwenye dirisha la kota, na sumaku, na koili. Nilimsaidia kubeba godoro hadi kwenye gari la mizigo, akasema, "Asante, Mwalimu." Nilidhani anatania. Lakini tangu siku ile hakuniita tena Mama. Nikienda kijijini sikukuu, ni Mwalimu amefika, mpeni Mwalimu kiti, Mwalimu anakula ugali wa muhogo kweli? Ndugu zangu walidhani ni fahari ya mzee kwa binti aliyesoma, wakaiga. Nikawa Mwalimu nyumbani kwetu.

Hakugusa tena waya. Jirani alimletea tochi, tochi tu, baba akamwambia ampelekee kijana mwingine. Watu walimfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akawajibu kwamba hakuwahi kuwa mhunzi. Alilima mihogo. Misimu michache baadaye jineri yenyewe ilisimama, milango ikafungwa kwa mnyororo, na pamba ya Bunda ikawa inapakiwa kwenda kuchambuliwa kwingine. Watu wenye huruma ya kipumbavu wakaniambia, unaona, hata angeshinda angefukuzwa tu pamoja na wenzake. Kana kwamba kufukuzwa pamoja na wenzako kwa sababu kiwanda kimekufa ni sawa na kutolewa peke yako mbele yao kwa sababu hujui kazi. Wale wengine waliondoka mafundi. Yeye aliondoka mzee asiyesikia maelekezo.

Ilinichukua miaka saba kwenda kumwambia ukweli. Sina kisingizio. Kila likizo nilisema likizo ijayo. Mwaka ule, nikichora jani ubaoni, msichana wa mstari wa mbele aliuliza kama chuma kinaweza kusahau. Nikamjibu kama kitabu kinavyosema: ukikichoma sana, na ukakiacha kipoe polepole, kinasahau. Nilimaliza kipindi, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda gari la kwenda kwetu.

Nilimkuta amekaa uani anamenya mihogo ya kuanika. Aliagiza niletewe kiti, nikakataa, nikakaa chini kwenye maganda. Nikamwambia yote, kuanzia majivu na mawe, kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu nilijua nikisimama katikati nitalia na sikutaka kilio kinifanyie kazi. Nikasema ni mimi niliyeyagonga mabamba, na nikakaa kimya siku ile, na nikasema inawezekana.

Aliendelea kumenya.

"Nilijua," alisema. "Si nililisikiliza lile bamba siku niliyotoka Buswahili."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kujenga, kwa nini hakumwendea injinia mapema akamweleza.

"Ningemweleza nini? Barua ilikuwa na jina lako. Ulikuwa mwalimu mpya. Mimi nilikuwa nimeshazeekea pale."

"Lakini alipouliza, Baba. Mbona ulijitaja?"

Aliweka kisu chini. Ndiyo mara pekee siku ile aliponitazama usoni.

"Nilikaa kimya kwanza," alisema. "Hukuona nilivyochelewa?"

"Nilidhani hukusikia swali."

"Mimi nilikuwaga nasikiliza chuma, nisisikie mtu?" Akaokota muhogo mwingine. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema nimpe nafasi, ataitika. Nikangoja, nikangoja. Nikaona umenyamaza, ndiyo nikajibu."

Nilimwomba anisamehe. Alisema ameshasamehe siku nyingi, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ambayo mtu humwambia muuza samaki kwamba leo hahitaji. Hakunifukuza, hakuninunia. Tulikula pamoja. Aliniuliza habari za shule na bei ya mabati Musoma.

Gari lilipokaribia kupita alinifungia mihogo mikavu kwenye mfuko, akavaa shati lake safi, akanisindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa mgeni. Alisimama upande wangu mpaka gari likaja, akanipokeza mfuko dirishani kwa mikono miwili.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Karibu tena, Mwalimu."